Uzamivu wa Uchumi wa Udhibiti: Mwongozo kwa Anayeanzia Kilombero

Mwaka 2004 Catherine Goodman aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu London School of Hygiene & Tropical Medicine. Mada yake ilikuwa soko la rejareja la dawa za homa na malaria vijijini Tanzania, na maduka yaliyochunguzwa yalikuwa ya wilaya za Kilombero, Ulanga na Rufiji: maduka ya dawa baridi, pamoja na maduka ya kawaida yanayouza Panadol kando ya sabuni na chumvi.

Kutokana na kazi hiyo yalitoka makala yanayosomwa hadi leo na wanaojifunza udhibiti. Ya kwanza, ya 2007, yalihoji kwa nini maduka ya dawa yanavunja kanuni. Yalikuta maduka mengi hayana vibali halali, dawa za kuandikiwa na daktari zinauzwa waziwazi, na hakuna muuzaji hata mmoja mwenye sifa zilizotakiwa na sheria. Sababu zilizotajwa hazikuwa ujeuri wa wauzaji peke yake. Wakaguzi walipita kwa nadra, adhabu hazikutolewa, na baadhi ya maofisa wa eneo walifumba macho wakijua kwamba duka likifungwa kijiji kinabaki bila dawa. Makala ya pili, ya 2009, yalionyesha kwamba dawa za malaria zilikuwa mikononi mwa wauzaji wachache, na kadiri walivyokuwa wachache ndivyo bei zilivyokuwa juu.

Huo ndio uchumi wa udhibiti wa masoko: kujua nani ana nguvu ya kupanga bei, kanuni inambana kiasi gani, na ikibadilika nani anafaidi na nani anaumia. Mwongozo huu ni kwa msomaji mwenye shahada ya umahiri, au anayeikaribia, anayetaka kuisomea taaluma hii hadi uzamivu. Huenda ni mhadhiri msaidizi, ofisa ushirika wa halmashauri au mchambuzi kwenye mamlaka ya serikali. Ushauri mkubwa wa mwongozo huu ni kwamba kanuni na daftari vitangulie, chuo kifuate.

Swali kabla ya fomu ya maombi

Maombi mengi ya uzamivu hufika na kichwa kama "Athari za udhibiti kwa maendeleo ya kilimo Tanzania". Kamati ya udahili haiwezi kujua hapo kitapimwa nini, wapi, wala kwa kulinganisha na nini. Swali linaloweza kubeba tasnifu lina mambo manne: soko lenye mipaka inayoeleweka, kanuni iliyowekwa au kubadilishwa kwa tarehe inayojulikana, eneo, zao au kundi ambalo kanuni hiyo haikuligusa, ili pawe na cha kulinganisha, na kumbukumbu zilizoandikwa na mtu fulani kwa sababu zake mwenyewe kabla mtafiti hajafika.

Tasnifu ya maduka ya dawa ilikuwa na mengi ya hayo. Bonde la Kilombero lilikuwa tayari na kituo cha utafiti, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilichotokana na maabara ya Waswisi ya 1957. Tangu 1996 kituo hicho kimekuwa kikifuatilia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, kikiandika vizazi, vifo na kuhama. Serikali nayo ilikuwa imebadilisha dawa ya kwanza ya kutibu malaria mwaka 2001, klorokwini ikaondolewa na SP (sulfadoksini-pirimethamini) ikaingia. Mtafiti akaongeza kile kilichokosekana, yaani hesabu ya maduka, bei na dawa zilizokuwa kwenye rafu.

Mada hiyo bado haijaisha. Maduka ya dawa muhimu, ambayo muuzaji wake hupewa mafunzo na kibali na kuruhusiwa kuuza orodha fulani ya dawa za cheti, yalianza Ruvuma mwaka 2003 na baadaye yakaenea mikoa mingine. Kuhalalisha kilichokuwa kikifanyika kinyume cha sheria ni hatua ya udhibiti inayopimika: je, bei zilishuka, au gharama za kibali ziliwaondoa wauzaji wadogo na kuwaachia soko wakubwa?

Miwa: mnunuzi mmoja na mzani wake

Anayetaka mada nje ya afya hana haja ya kwenda mbali. Kidatu, kilomita zipatazo 67 kutoka Ifakara, kuna kiwanda cha sukari cha Kilombero, chenye mitambo pande mbili za mto Ruaha Mkuu. Serikali ilikibinafsisha mwaka 1998 kwa kampuni ya Illovo na washirika wake, yenyewe ikabaki na hisa. Maelfu ya wakulima wa nje ya mashamba ya kiwanda huuza miwa yao hapo kupitia vyama vyao, ambavyo baadaye vimegeuzwa kuwa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS.

Kwa mwanauchumi hili ni soko la mnunuzi mmoja. Muwa ukishachomwa na kukatwa, sukari yake hupungua kila saa inayopita, kwa hiyo hausafirishwi kwenda kutafuta bei nzuri kwingine. Malipo yanafuata uzito na kiwango cha sukari, na vyote hupimwa kiwandani. Nani anahakiki kipimo hicho? Foleni ya kupeleka miwa inapangwaje mvua zinapokaribia na kiwanda kinaelekea kufungwa? Mkataba wa kuuza miwa unagawanaje hatari kati ya mkulima na kiwanda? Kila swali hapo linaweza kuwa sura nzima ya tasnifu.

Walioingia shamba hili tayari wapo, na kazi zao zisomwe kabla ya kuandika chochote. Emmanuel Sulle, aliyesomea uzamivu Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2017 makala kuhusu miwa ya wakulima wa nje wa Kilombero na jinsi inavyotenganisha wenye ardhi na wasio nayo. Yeye aliingia kwa mlango wa ardhi na siasa. Mwanauchumi wa udhibiti ataingia kwa mlango wa mkataba na mzani.

Asidhani tu kwamba mnunuzi mmoja ni balaa na wengi ni neema. Magharibi mwa Kenya, Lorenzo Casaburi na Jack Willis walishirikiana na kampuni ya miwa kuwauzia wakulima bima ya mazao. Walipodai ada mwanzoni, ni asilimia 5 tu waliojiunga. Ada ilipokatwa kwenye malipo ya mavuno, walifika asilimia 72. Makato hayo yaliwezekana kwa kuwa mkulima alikuwa na mahali pamoja pa kuuzia. Rwanda, Rocco Macchiavello na Ameet Morjaria walikuta kwamba vituo vya kuoshea kahawa vinaposongamana, ahadi kati ya kituo na mkulima, kama mkopo wa pembejeo unaolipwa msimu ukifika, huvunjika, na wakulima wanaweza kuumia. Tasnifu nzuri ya Kilombero itapima pande zote mbili: bei anayopoteza mkulima na huduma anayoipata kwa kuwa mnunuzi ana hakika ya miwa yake.

Kanuni zenye tarehe nazo zipo. Sheria ya Sekta ya Sukari ni ya 2001, na ndiyo inayoipa Bodi ya Sukari mamlaka. Sheria ya Fedha ya 2024 iliirekebisha baada ya uhaba mkubwa wa sukari, ikaiingiza NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, kwenye kuagiza na kuhifadhi sukari, kazi ambayo kwa miaka kadhaa vibali vyake vilikuwa vikienda kwa wenye viwanda. Kabla na baada ya Julai 2024 ni mpaka ambao mtafiti anaweza kuupima.

Mpunga: wanunuzi wengi, bei ileile

Mpunga wa Kilombero, hasa aina ya Supa, hauna mnunuzi mmoja. Kuna madalali, wenye mashine za kukoboa na wafanyabiashara wanaokuja na malori kutoka Dar es Salaam. Lakini wingi wa wanunuzi si ushahidi wa ushindani. Lauren Bergquist na Michael Dinerstein walifanya jaribio kwenye masoko ya mahindi magharibi mwa Kenya: waliwapunguzia wachuuzi gharama, kisha wakaangalia bei anayolipa mlaji. Ni asilimia 22 tu ya punguzo iliyomfikia. Wachuuzi waliokaa bega kwa bega sokoni walikuwa wakipanga bei karibu kama mtu mmoja. Kwa yeyote anayetaka kufanya jaribio kama hilo kwenye mashine za Ifakara au Mlimba, makala hayo ndiyo ya kuanzia.

Juu ya soko la ndani kuna ushuru wa forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeuweka mchele kwenye bidhaa nyeti na kuutoza asilimia 75, huku Kenya kwa miaka mingi ikiruhusiwa kutoza 35. Mwanzoni mwa 2013 Tanzania iliruhusu mchele kuingia bila ushuru, na bei za wakulima zikaanguka. Mngeta kulikuwa na shamba la Kilombero Plantations, la hekta zaidi ya 5,000, lililojengwa kwa imani kwamba bei ya ndani italindwa, na baadaye kampuni hiyo ilifilisika. Ni kiasi gani cha anguko lake kilitokana na ushuru, na kiasi gani kilitokana na gharama na madeni? Swali hilo linahitaji hesabu, maana kwenye vijiwe kila mtu tayari ana jibu.

Vipimo vinahitaji uangalifu. Bei ya "gunia" haina maana bila kujua kama ni gunia la kawaida au lumbesa (lililojazwa kupita kiasi), kama ni mpunga au mchele, na unyevu ulikuwaje. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa takriban theluthi mbili ya mchele, na aina ya mbegu na ubora wa mashine hubadilisha hesabu. Mtafiti aende na mzani wake, apime, aandike kilo. Wakala wa Vipimo una kanuni dhidi ya lumbesa, na pengo kati ya kanuni hiyo na kilichoko sokoni ni mada nyingine inayosubiri mwenye nayo.

Mafuta: takwimu zisizolipiwa

Asiye na fedha za kazi ya uwandani aanze na bei za mafuta. Tangu 2009 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imekuwa ikitangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na siku hizi hufanya hivyo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya. Kilombero (Ifakara) na Ulanga (Mahenge) zina mistari yao. Hizo ni takwimu za miaka mingi, na mtu yeyote anaweza kuzikusanya.

Kati ya Ifakara na Mahenge kuna mto Kilombero. Magari yalivushwa kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018. Mwanafunzi mwenye haraka atachora mstari kwenye tarehe hiyo na kulinganisha bei kikomo za pande mbili za mto, naye atakuwa amekosea mara mbili. Bei kikomo hutokana na fomula inayojumlisha bei ya dunia, thamani ya dola, kodi, faida ya wafanyabiashara na usafiri hadi wilayani. Ikiwa fomula haikuguswa, daraja halitaonekana humo. Na sherehe ya uzinduzi si lazima iwe siku ambayo magari yalianza kuvuka. Anayeujua udhibiti atawauliza TANROADS, wakala wa barabara, tarehe ya kweli, kisha atatafuta bei zilizolipwa pampuni, kwenye stakabadhi za halmashauri, misheni au kampuni za mabasi, aone kama vituo huuza kwenye kikomo au chini yake.

Stakabadhi zina historia yake bondeni humu. Jamie Monson, mwanahistoria wa reli ya TAZARA, alitumia stakabadhi za vifurushi vya reli kufuatilia wafanyabiashara wadogo wa vituo vya kati ya Kidatu na Makambako, na matokeo yamo kwenye kitabu chake cha 2009 kuhusu reli hiyo.

Wapi pa kusomea

Swali likishakamilika, chuo huchaguliwa kwa msimamizi na kwa mafunzo ya darasani. Kwa Afrika Mashariki, mlango unaojulikana zaidi ni programu ya pamoja ya uzamivu ya AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi iliyoanzishwa 1988. Programu ilianza 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kimoja cha vyuo vinavyotoa shahada yake. Mwanafunzi husoma nadharia ya uchumi mdogo, uchumi jumla na mbinu za takwimu, hufanya mitihani mikubwa ya jumla, huchukua masomo ya kuchagua pamoja na wenzake wa nchi nyingine, ndipo aanze tasnifu. Asiyepita kozi hizo, akaenda moja kwa moja kwenye tasnifu, ajipange kuzisoma mwenyewe, kwa kuwa watahini watauliza.

Mwenye mada ya mazao afikirie Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ambako wasimamizi wanayajua mazao na njia za kufika yaliko. Mzumbe ipo mkoa huohuo. Johannesburg kuna CCRED, kituo cha ushindani na udhibiti cha Chuo Kikuu cha Johannesburg, kinachofuatilia bei za vyakula kusini na mashariki mwa Afrika. Ulaya, Toulouse ndiyo shule iliyojenga nadharia yenyewe: Jean-Jacques Laffont aliiasisi, na Jean Tirole alipata Nobel ya 2014 kwa kazi kuhusu nguvu ya soko na udhibiti. Kitabu cha mwisho cha Laffont, kilichotoka 2005 baada ya kifo chake, kinahusu udhibiti katika nchi zinazoendelea, ambako mdhibiti hana bajeti, hana wakaguzi na mikataba huvunjwa kwa urahisi. Kisomwe mwaka wa kwanza.

Kwa ada, DAAD ya Ujerumani hufadhili wanafunzi ndani ya Afrika, na Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa uzamivu, ukiwemo wa kugawa muda kati ya chuo cha nyumbani na cha Uingereza. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo na shahada vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Ujuzi usioepukika

Hisabati ndiyo huwaangusha wengi: kalkulasi, aljebra ya matriki na nadharia ya uwezekano. Mwenye mapengo ayazibe mwaka mmoja kabla. Ajifunze R au Stata hadi aweze kusafisha takwimu chafu bila msaada, na nadharia ya michezo hadi aione kila anapokuta wafanyabiashara watatu kwenye soko moja.

Ajifunze pia kusoma sheria na hukumu. Sheria ya Ushindani ya 2003 iliweka mstari wa asilimia 35 ya soko kama dalili ya kulihodhi. Septemba 2022 Baraza la Ushindani lilitengua ridhaa ya Tume ya Ushindani kwa mmiliki wa Twiga Cement kuinunua Tanga Cement, na mstari huo ndio uliokuwa kitovu cha ubishi. Anayeweza kueleza mipaka ya soko la saruji iliyotumika kwenye shauri hilo, na kwa nini mipaka hiyo inaamua kila kitu, yuko tayari kwa usaili wa uzamivu.

Vibali, siri na majira

Chuo hutoa barua ya utafiti. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa Morogoro, kisha wilayani, halmashauri, kata na kijiji. Tenga wiki kadhaa, na ubebe nakala nyingi. Mtafiti wa kigeni huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kampuni na AMCOS wana haki ya kukataa kutoa madaftari, hivyo makubaliano ya maandishi yapatikane kabla ya pendekezo la utafiti kupitishwa, yakieleza kwamba mtafiti atachapisha matokeo hata yasipompendeza mwenye takwimu.

Siri nayo ni ngumu kuitunza mji mdogo. Ukiandika "muuza mafuta wa jumla wa pili kwa ukubwa Ifakara", mji mzima umeshamjua. Unganisha takwimu, ficha vijiji, na jedwali lenye wahusika watatu usilichapishe. Anayelipwa mshahara na mdhibiti au kampuni anayoichunguza aliseme hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Kalenda ya uwandani ifuate mto. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hukata njia za vijiji vya bondeni. Mavuno ya mpunga huanza baada ya hapo, bei zikiwa chini kabisa. Bei hupanda kuelekea Januari na Februari. Anayekusanya bei kwa miezi mitatu ya kiangazi atarudi na nusu ya hadithi. Mzunguko wa mwaka mzima, kwa msaidizi mmoja anayelipwa kuandika bei kila wiki kwenye masoko machache, ni bora kuliko mwezi mmoja wa dodoso refu.

Kupeleka matokeo

Waajiri wa fani hii ni pamoja na Tume ya Ushindani, EWURA, LATRA (usafiri wa ardhini), TCRA (mawasiliano), Bodi ya Sukari, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mamlaka ya ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na vyuo vyenyewe. Wote huthamini mtu anayeweza kuandika kurasa mbili zinazoeleweka. Mara tasnifu inapokamilika, andaa muhtasari wa Kiswahili wenye jedwali moja la bei na mapendekezo yasiyozidi matatu. Upelekwe kwa halmashauri ya mji wa Ifakara, AMCOS zilizoshiriki na maktaba ya SUA. EWURA hufanya taftishi kabla ya kubadilisha bei za umeme au maji, na hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa mwananchi yeyote. Mtafiti mwenye takwimu za Kilombero zinazohusu bei hizo ajiandikishe, apeleke maoni yake kabla ya siku ya mwisho, na afike siku ya kikao akiwa na nakala za jedwali lake kwa wajumbe.